Wageni wa Mji: Jinsi Wakuu wa Miji na Watu wa Islahi Walivyoikabili Taabu ya Wahamiaji

Hotuba kwa Waislamu wa Gisimenti, Kigali

 

Hotuba hii yamhusu mtu ambaye kila mji wamhitaji, wala si miji mingi iliyopata kumwandalia mahali pa kulala kabla hajafika. Ni yule atokaye shamba au nchi ya jirani na mzigo wake mdogo, akauliza habari ya kazi kabla ya kuuliza habari ya chakula. Katika Kigali ana majina kwa kadiri ya kazi yake: ni karaningufu akichukua mizigo sokoni, ni muyedi akimsaidia fundi mwashi, ni mzunguzayi akitembeza ndizi au viatu barabarani. Kwa Kiswahili cha wazee aliitwa mgeni tu, na jina hilo lilikuwa na heshima yake. Hapa Gisimenti, mahali ambapo jina lake lenyewe lamfanya mtu asikie neno la Kifaransa la saruji, majumba mengi yamesimama juu ya mabega yake.

Waislamu wa Kigali hawana budi kuisikiliza habari hii kwa sikio la karibu, maana katika mji huu wao ndio waliotangulia kuwa wageni. Mwaka 1907 Dk. Richard Kandt, mwakilishi wa serikali ya Wadachi (ndio Wajerumani), alifanya makao yake juu ya kilima cha Nyarugenge. Pamoja naye na baada yake wakaja askari, wapagazi, wakalimani, wapishi na wafanya biashara kutoka Tabora, Ujiji, Bukoba na pwani, wakiwamo Waarabu na Wahindi. Msikiti wa Al-Fatah wa Nyamirambo, ambao kuanzishwa kwake hutajwa kuwa mwaka 1913, ulikuwa kazi ya watu wa namna hiyo. Hawakujileta bure. Mji ulikuwa hauwezi kuandika, kupima, kuchukua mzigo wala kuuza ngozi bila ya wao.

Mwezi wa Mei 1916 jeshi la Wabelgiji likaingia Kigali, na mambo yakageuka. Chini ya utawala huo Waislamu wakawekwa mtaa wao peke yao, ulioitwa kampi ya Waswahili, na kumbukumbu yake ingaliko Biryogo hata leo. Kutoka humo kwenda vijijini kulitaka ruhusa ya maandishi, na mtu wa kijijini kuingia humo akakaa kulitazamwa kwa jicho la shaka. Ardhi ya kulima hawakupewa. Shule zilikuwa karibu zote mikononi mwa misheni, na mtoto wa Kiislamu aliyetaka kusoma aliweza kuona wazi kwamba njia fupi ilipita katika ubatizo. Basi wazazi wengi wakachagua mtoto akose kusoma kuliko akose dini. Shule ya watoto wa Kiislamu, iliyojulikana baadaye kwa jina la Intwari, haikupatikana hata utawala huo ulipokuwa unaelekea ukingoni.

Mtu asiye na shamba wala cheti cha shule hubakiwa na mambo machache: kuuza, kushona, kuendesha gari, kutengeneza kilichovunjika, na kupangisha chumba. Ndiyo sababu mpaka leo watu wakisema Mswahili katika Rwanda humfikiria dereva au mchuuzi. Baadhi ya watu hudhani kwamba hayo ni tabia ya kuzaliwa nayo. La, ni sheria ya kampi iliyoyafanya. Na ni katika kampi hiyo hiyo yalipokua mambo mawili ambayo yataonekana tena mbele ya maneno haya. La kwanza ni kusaidiana: kuzikana, kumlaza mgeni, kumfundisha mtoto wa jirani. La pili ni chumba cha kupangisha, ambacho kwa mjane na kwa mzee kilikuwa ndicho shamba lake.

Ili jambo hili la chumba lieleweke vizuri, yafaa kutazama Nairobi, mji ulioandikwa habari zake kwa wingi kuliko miji yote ya jirani.

Nairobi ilianza mwaka 1899 kuwa kituo cha reli. Pembeni yake vikazuka vijiji vya Waafrika: Pangani, Mji wa Mombasa, Maskini, Kaburini na vinginevyo. Nyumba zilikuwa za udongo na miti kwa mtindo wa Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, na kila chumba kikawa na mpangaji wake. Wengi wa wenye nyumba walikuwa Waislamu, na si wachache miongoni mwao walikuwa wanawake, waliokuja mjini peke yao, wakasilimu, wakajenga. Mgeni aliyeshuka garini hakwenda kwa baraza la mji kutafuta malazi, alikwenda Pangani. Baraza la mji halikuwa na malazi ya kumpa.

Wakuu wa mji walivitazama vijiji hivyo wakaona uchafu na maradhi, na pengine kweli vilikuwepo, maana hapakuwa na maji ya kutosha wala mifereji. Lakini waliona pia jambo jingine lililowasumbua zaidi, nalo ni watu weusi wakiishi mjini kwa hiari yao. Basi baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaazimiwa kwamba Waafrika wote wawe mahali pamoja, pakachaguliwa Pumwani, na katika miaka ya mwanzo ya 1920 wakaaji wa vijiji kadha wakahamishiwa huko. Pangani ikabaki, ikaahidiwa kuvunjwa mwaka baada ya mwaka, hata ikavunjwa kweli mwisho wa miaka ya 1930, na wenyewe wakaonyeshwa nyumba mpya za Shauri Moyo. Jina hilo si la kuchezea: kuhama au kutohama lilikuwa shauri la moyo wa mtu, ilhali nyumba aliyokuwa nayo ilikuwa imekwisha hukumiwa kuvunjwa.

Hapo ndipo ilipo hesabu ambayo kila mji umeirudia. Mwenye nyumba wa Pangani alikuwa na nyumba ya vyumba sita au vinane. Alikaa katika kimoja na vingine vikamlisha. Serikali ilipokuja kupima, ilipima kuta, mlango na bati, ikaitia thamani yake katika daftari. Kodi ya vyumba, ambayo ndiyo iliyokuwa riziki ya mwanamke yule asiye na mume wala mwana, haikuandikwa mahali popote. Na wapangaji wake, waliokuwa wengi kuliko wenye nyumba, hawakuandikwa kabisa. Wao walitakiwa tu waondoke, wakajisonge katika vyumba vya Pumwani vilivyokwisha kujaa. Watu wenye roho safi waliisimamia kazi hiyo, na walidhani wanawatendea watu wema. Ubaya wake ulikuwa katika daftari, si katika nyoyo zao.

Kuhusu fedha za kuwahudumia watu hao, Nairobi ilifuata njia ya ajabu. Baraza la mji lilijichukulia peke yake haki ya kuuza pombe ya Waafrika, likajenga nyumba ya pombe huko huko Pumwani, na faida yake ikatiwa katika mfuko wa kuwasaidia wenyeji. Maana yake ni kwamba katika mtaa wenye misikiti na madrasa, msaada wa maskini ulitegemea kiu ya mlevi. Mtu angeweza kusema kwamba mji haukuwa na fedha nyingine. Lakini wakaaji hao walikuwa wakilipa kodi ya kichwa na ada ya kiwanja kama ilivyotakiwa, na kazi yao ilikuwa ikiutajirisha mji mzima. Katika habari zote za watu wa islahi wa zama zile, hii ndiyo inayopasa kukumbukwa na kila jumuiya inayotaka kujua msaada wake watoka wapi.

Waafrika wenyewe walisema. Mwaka 1921 Harry Thuku na wenzake wakaanzisha chama cha East African Association, kilichokuwa na watu wa makabila mengi na Waislamu wa mji ndani yake, kikalalamikia kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alipokamatwa, watu wakakusanyika mbele ya kituo cha polisi, wanawake wakiwa mbele, na tarehe 16 Machi 1922 wakapigwa risasi. Kwa hesabu ya serikali yenyewe walikufa 21. Thuku akapelekwa mbali kwa miaka mingi.

Ilipita miaka thelathini ndipo serikali ilipolitia katika maandishi neno ambalo kila mpangaji wa Pumwani alilijua. Mwaka 1950 Ernest Vasey, aliyewahi kuwa meya wa Nairobi, aliandika taarifa juu ya nyumba za Waafrika mijini. Na mwaka 1954 kamati ya mishahara iliyoongozwa na Bwana Carpenter ikasema wazi kwamba mshahara uliokuwa ukilipwa ulihesabiwa kwa mtu mmoja asiye na mke, ilhali wengi walikuwa na wake na watoto waliowaacha kijijini. Ikapendekeza kima cha chini kipandishwe hatua kwa hatua hata kimtoshe mtu na jamaa yake. Hii ilikuwa islahi ya kweli, kwa sababu iligusa mfuko wa mwajiri. Alakini mwaka huo huo, tarehe 24 Aprili, majeshi yakauzingira mji wa Nairobi, wakakamata maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, wakawapeleka makambini au wakawarudisha vijijini. Serikali moja, mwaka mmoja: mkono wa kulia ukiandika kwamba mfanya kazi akae mjini na mkewe, na wa kushoto ukimtoa mjini kwa lori.

Karibu zaidi na Rwanda ni Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, na familia nyingi za Kigali zina jamaa huko. Mtaa wa Buyenzi ulikuwa wa Waswahili kama ilivyokuwa Biryogo. Utawala wa Kibelgiji ulitoza kodi ya pekee kwa wanawake wasio na waume waliokaa mijini. Waliosimamia jambo hilo walidhani kwamba wanalinda maadili, na mwaka 1950 ikatungwa na sheria ya kuzuia ndoa za wake wengi. Katika daftari la kodi hiyo mjane mwenye kuswali, mtalaka anayelea watoto, na mwanamke anayeuza mwili wake waliandikwa namna moja. Wanawake wa Kiislamu wa Buyenzi waliiona kodi hiyo kuwa ni tusi, wakaikataa kwa sauti katika miaka ile ya 1950. Walifahamu vizuri kuliko watawala kwamba kuna msaada unaomshusha mtu, na kuna ulinzi wa maadili unaomvunjia mtu heshima yake.

Watu wa Buyenzi hawakuishia hapo. Mwana wa mfalme Louis Rwagasore alipoanzisha vyama vya ushirika mwaka 1957, wachuuzi Waswahili walikuwa miongoni mwa waliosimama naye, na chama chake cha UPRONA kikapata wafuasi imara mtaani humo. Septemba 1961 kikashinda viti 58 katika 64. Rwagasore akauawa tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo. Yaliyobaki ya historia ile ni marefu na yana machozi. Hapa yatosha kusema kwamba watu waliofanywa wageni katika mji walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuudai.

Na Waislamu wenye mali walifanya nini wakati huo? Kwa insafu, walifanya mengi. Mwaka 1945 Aga Khan wa Tatu alianzisha East African Muslim Welfare Society, na ilijulikana kote kwamba kila pauni iliyochangwa na Waislamu wa mahali aliiongezea pauni nyingine. Misikiti na shule nyingi za Afrika Mashariki zilisimama kwa njia hiyo. Lakini nyumba ya kulala mgeni, au sauti ya kumtetea mpangaji mbele ya baraza la mji, haikuwa sehemu kubwa ya kazi hiyo. Mgeni alipewa pa kuswali na mwanawe pa kusoma. Pa kulala alijitafutia.

Katika jambo hili Waislamu wana mfano mkubwa kuliko wa Nairobi, nao ni Madina. Wahajiri walifika Madina wakiwa wameacha nyumba na mali Makka. Mtume (S.A.W.) akawafungia udugu na Ansari, mtu na mtu. Kisa cha Saad bin Rabii na Abdurrahman bin Auf chajulikana na kila mtoto wa madrasa: Saad alimtolea nduguye nusu ya mali yake, na Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko liko wapi. Aghalabu kisa hiki husimuliwa kwa kuusifu ukarimu wa Saad. Ni haki yake. Lakini yafaa kutazama pia lile swali la soko, kwa maana mgeni alijua anachohitaji, na mwenyeji hakumzuia njia.

Tena Ansari walipotaka mitende yao igawanywe kati yao na Wahajiri, Mtume hakukubali igawanywe. Ikawa Wahajiri wafanye kazi mashambani na mazao yawe ya wote wawili. Baadaye, Wahajiri walipopata mali yao, wakawarudishia Ansari mitende waliyokuwa wamepewa waitumie. Na wale wasio na jamaa wala nyumba walikaa Suffa, chini ya kivuli cha Msikiti wenyewe, wala hakuna aliyewafukuza kwa sababu walikuwa wakionekana na wageni wa heshima waliokuja kumwona Mtume. Yapokewa kwamba Mtume aliwawekea watu soko akakataza wasitozwe ushuru ndani yake. Katika mambo haya yote hesabu ilikuwa ya riziki: nani alime, nani auze, nani alale wapi usiku wa leo.

Sasa turejezwe maneno Kigali. Rwanda ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962 mji huu ulikuwa na watu kama 6,000 tu, nao ukafanywa mji mkuu. Vizuizi vya kampi vikaondoka, na mwaka 1964 Waislamu wakaunda jumuiya yao, AMUR, iliyoweza kusema na serikali kwa jina la wote. Walakini mlango uliofunguliwa kwa Mswahili haukufunguliwa kwa kila mtu. Katika jamhuri ya kwanza na ya pili mtu wa kijijini hakuruhusiwa kukaa Kigali bila ya kibali cha makazi, na asiye nacho aliweza kukamatwa akarudishwa. Pamoja na hayo hesabu ya watu ya mwaka 1991 ilikuta zaidi ya 230,000. Kisha yakaja Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, ambayo hakuna nyumba isiyoyajua. Na baada yake wakarejea waliokuwa uhamishoni Uganda, Burundi, Zaire na Tanzania, wengi wao wakisema Kiswahili, wakaujaza mji uliokuwa mtupu. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha watu 1,745,555.

Mji uliokua kwa namna hiyo hauwezi kuachwa bila mpango, na mwenye kulaumu kila mpango hajapata kusimama kwenye mteremko wa Kigali siku ya mvua ya Aprili. Nyumba zilijengwa mahali ambapo ardhi huporomoka, na nyingine mabondeni ambamo maji hupita. Mpango mkuu wa mji ulitolewa mwaka 2008, ukapanuliwa mwaka 2013, ukarekebishwa mwaka 2020. Kwa mpango huo sehemu ya chini ya Kiyovu, iliyoitwa Kiyovu ya maskini, iliondolewa karibu na mwaka 2008, na baadhi ya watu wakapelekwa Batsinda katika nyumba zilizo imara kuliko walizoziacha. Nyumba zilikuwa bora. Kazi ilibaki mjini. Mtu aliyekuwa akienda kazini kwa miguu akawa ahitaji nauli asubuhi na jioni, na nauli haikuwamo katika thamani ya nyumba.

Karibu zaidi na Gisimenti, katika umurenge huu huu wa Remera, palikuwa na Kangondo na Kibiraro, ambapo watu walipapa jina la mzaha ambalo adabu ya kusanyiko hili hairuhusu kulifasiri. Habari ya kuondolewa kwake ilitolewa mwaka 2017. Wakaaji waliambiwa watapewa nyumba Busanza, ambako zilijengwa zaidi ya 1,000. Baadhi wakahama kwa ridhaa. Wengine wakaenda mahakamani wakitaka fidia ya fedha, na wakashikilia kwamba sheria ya mwaka 2015 yataka aina nyingine ya fidia iwe kwa mapatano ya pande zote mbili. Septemba 2022 waliobaki wakaondolewa na nyumba zikabomolewa.

Mengi yalisemwa juu ya Kangondo, ya haki na ya hasira. Serikali ilisema kwamba mahali pale hapakuwa na afya, na ni kweli. Ilisema kwamba nyumba za Busanza zina maji, umeme na choo ndani, na ni kweli vile vile. Lakini baadhi ya wakaaji walikuwa na ua wenye vyumba vya kupangisha, na vyumba vile ndivyo vilivyosomesha watoto wao. Kwake yeye kupewa nyumba nzuri ya kukaa ni kupewa kitu kilichopungukiwa na jambo moja tu, nalo ni riziki. Ni hesabu ile ile ya Pangani ya miaka themanini nyuma, tofauti ikiwa kwamba Wanyarwanda hawa walikuwa na sheria ya kuitegemea na mahakama ya kuiendea, jambo ambalo mwanamke wa Pangani hakulipata. Tofauti hiyo si ndogo.

Na mpangaji? Katika Kiyovu, katika Kangondo, kama katika Pangani, fidia ilikwenda kwa mwenye mali. Yule karaningufu au muyedi aliyelipa mwezi kwa mwezi alifunga godoro lake akaenda kutafuta chumba kingine, ambacho bei yake ilikuwa imekwisha kupanda kwa sababu watu wengi walikuwa wakitafuta siku ile ile. Hali ni ya namna hiyo kwa wachuuzi wa barabarani. Mji ulijenga masoko madogo mwaka 2016 ili wapate meza, na hilo lilikuwa jema. Na mwaka 2017 ikawekwa faini ya faranga 10,000 kwa anayeuza barabarani na kwa anayenunua kwake. Meza ya sokoni ina ada na ina mahali pake palipochaguliwa na mwingine. Mwenye beseni la maparachichi hufuata wapita njia, kwa kuwa wapita njia hawamfuati yeye. Abdurrahman bin Auf angelielewa jambo hilo upesi.

Sasa lisemwe neno ambalo pengine si tamu. Mwenye chumba katika Biryogo, Nyamirambo na hata hapa Remera, mara nyingi ni Mwislamu. Babu yake alifungiwa katika kampi. Yeye ana hati ya ardhi na ua wenye vyumba vinne. Mpangaji wake ni kijana wa kijijini, mara nyingi si wa dini yake, asiye na karatasi yoyote ya makubaliano, ambaye aweza kuambiwa leo ahame kesho kwa sababu amepatikana mwenye kulipa zaidi. Wako wenye nyumba wanaomngoja mpangaji aliyeugua, wakamsamehe mwezi, na Mungu atawalipa. Wako pia wanaotaka kodi ya miezi mitatu mbele kutoka kwa mtu anayelipwa kwa siku. Mambo ya mji yakijadiliwa, wenye nyumba husimama kudai fidia yao, nayo ni haki yao. Ni nadra sana kusikia mwenye nyumba akisimama kuuliza habari ya mpangaji wake.

Mashekhe wana la kusema juu ya hili, kwa maana miongoni mwa mafungu manane ya wanaostahiki zaka yumo msafiri aliyekatikiwa na njia na yumo mwenye deni. Kama kijana aliyefika Nyabugogo jana, asiye na nauli ya kurudi wala kodi ya kukaa, aingia katika fungu mojawapo, ni swali la wenye elimu kulijibu kwa dalili, nalo lastahili kujibiwa kabla ya Ramadhani nyingine kufika.

Liko na jambo la wakfu. Katika Mji Mkongwe wa Unguja wenye mali waliacha nyumba nyingi ziwe wakfu, na katika hizo maskini na wageni wakakaa kwa kodi ndogo au bila kodi yoyote. Hii ni njia ambayo Waislamu wa pwani waliifuata wenyewe, bila ya nyumba ya pombe na bila ya kumtoza mjane. Ilikuwa na kasoro yake: kodi ikawa ndogo mno hata haikutosha kununua chokaa na boriti, mapaa yakavuja, na nyumba nyingi zikachakaa juu ya vichwa vya wale wale waliokusudiwa kusaidiwa.

Kwa hiyo jumuiya ya Gisimenti, ikipata siku moja mtu wa kuiwekea wakfu wa vyumba vichache kwa ajili ya wageni wa mji, itakuwa na kazi mbili za kuandika siku ile ile. Ya kwanza ni sharti la wakfu litakalotaja kwa jina mpangaji, haki yake ya kupewa ilani kabla ya kuhama, na muda wa kukaa mpaka apate kazi. Ya pili ni kodi, ndogo kwa kadiri ya mshahara wa kutwa wa muyedi, lakini yenye fungu lililotengwa mbali la kutengeneza paa kila baada ya masika. Wazee wenye uzoefu wa kupangisha wapo hapa, na wao ndio wanaojua bati la Kigali ladumu miaka mingapi.